Dubu aliyebeba sanduku lake: filamu ya dakika 11 kutoka Chile, na sisi wa ukingo wa Rusizi



Safari hii tumeacha habari za mito na mipaka, tunaingia kwenye sinema. Filamu yenyewe ni fupi, inaitwa Historia de un oso, kwa Kiswahili tungesema Hadithi ya Dubu. Ilitengenezwa kwa kompyuta huko Santiago, mji mkuu wa Chile, ikatoka mwaka 2014, na tarehe 28 Februari 2016 ikachukua Oscar ya filamu fupi ya katuni. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Chile kushinda Oscar. Siku hiyo ilishindana na Pixar, kampuni ambayo karibu kila mtoto wa hapa Kamembe amewahi kuona kazi yake kwenye simu ya mtu. Ikaipita.

Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake hakuna mtu anayesema hata neno moja. Kwenye kikundi chetu kuna wanaojua Kiswahili cha Bukavu, kuna Mashi, Kinyarwanda, Kirundi, Kifuliiru, na kila tukiangalia filamu lazima mmoja akae katikati kutafsiri, mpaka anachoka na kuanza kutunga mambo yake. Hii haihitaji mtafsiri. Pili, ni hadithi ya mtu aliyefukuzwa kwake. Nani atatufundisha hiyo kuliko sisi wenyewe? Lakini kumbe kuna jambo la kujifunza pale, na ni juu ya jinsi ilivyotengenezwa.

Habari inaanzia mbali na kompyuta. Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi la Chile lilipindua serikali ya rais Salvador Allende. Jenerali Augusto Pinochet akatawala mpaka 1990. Maelfu walikamatwa, wengi waliuawa au walipotea mpaka leo, na inakadiriwa kwamba watu kama 200,000 waliikimbia nchi. Kati ya waliofungwa alikuwemo mwanasiasa mmoja, Leopoldo Osorio. Alikaa gerezani, kisha akapelekwa uhamishoni Uingereza. Mjukuu wake, Gabriel Osorio, alikua bila babu. Pengine alimjua kwa jina, kwa foto, kwa vile wakubwa wananyamaza wakimtaja. Sisi tunaujua unyamavu huo. Kuna nyumba hapa Rusizi ambamo mtoto akiuliza "baba iko wapi?" mama anaanza kuosha sahani ambazo tayari ni safi.

Gabriel akawa mtu wa katuni. Mwaka 2008 alianzisha na mke wake, Antonia Herrera, studio ndogo iitwayo Punkrobot. Wakawa wanatengeneza vipindi vya watoto vya televisheni ili wapate kula. Hadithi ya babu ilikuwa kazi ya pembeni, ile unayoifanya kazi ya mkate ikishaisha. Fungu la serikali la kusaidia sinema liliwachangia. Mtayarishaji alikuwa Pato Escala. Kikundi kilikuwa kidogo, na kazi ya dakika 11 ikachukua miaka. Tunaomba mliweke hilo akilini, maana tutalirudia tukifika kwenye habari ya mashirika.

Sasa filamu yenyewe. Mzee dubu anakaa peke yake kwenye chumba. (Huku kwetu dubu hatuna. Siku tulipoionyesha, watoto walibishana: mmoja akasema ni mbwa mkubwa, mwingine akasema ni sokwe wa Kahuzi-Biega aliyetembelea Ulaya.) Ni fundi. Anatengeneza vidoli vya bati, anavipaka rangi, anavifunga kwenye sanduku lenye mashine ndani. Asubuhi anapanda baiskeli na sanduku lake, anasimama kwenye kona ya barabara, anapiga kengele. Ukimpa sarafu, unaweka jicho kwenye tundu na sanduku linaanza kukusimulia hadithi.

Mle ndani kuna dubu wa bati mwenye mke na mtoto. Siku moja watu wa sarakasi wanaingia kwa nguvu, na virungu mkononi, wanambeba yule dubu. Yule baba anafundishwa kucheza mbele ya watu, anasafirishwa mji hadi mji. Mwisho anatoroka, anarudi, anakuta nyumba imebomolewa. Kisha, ndani ya sanduku, mke na mtoto wanatokea, wanakumbatiana. Sanduku linafungwa. Mtoto aliyekuwa anachungulia anafurahi, anaondoka na baba yake. Na mzee? Anabaki na saa yake ya mfukoni yenye foto ya familia. Filamu haikuambii kama walirudi kweli. Wewe mwenyewe umeona kile chumba mwanzoni, umeona kitanda, unajua.

Hapo ndipo tulipobishana sana sisi wenyewe. Wengine walisema mzee anadanganya watoto. Wengine walisema hapana, yule anajitengenezea mwisho ambao dunia ilimnyima, na hana deni kwa mtu. Sisi wengi tuko upande wa pili, lakini yule dada aliyesema "anadanganya" alikuwa na hoja nzito: kama kila mtu akisimulia kwamba familia zilionana tena, nani atazitafuta zile ambazo hazijaonana?

Tuingie kwenye ufundi sasa, maana wengi mmeuliza katuni ya kompyuta inatengenezwa vipi.

Kwanza unachora hadithi nzima kwenye karatasi, vijisanduku mfuatano. Halafu unaijenga kila kitu ndani ya kompyuta kama fundi wa vinyago: umbo la dubu, meza, mlango, kila msumari. Kisha unamwekea dubu mifupa ya ndani ili aweze kukunja mkono. Halafu mtu anakaa anamtembeza, mkono kidogo, kichwa kidogo, kope kidogo. Unaweka taa, ndiyo, taa za uongo ndani ya kompyuta, na kamera ya uongo. Mwisho kompyuta inapiga hesabu ya kila picha moja moja: mwanga umegonga wapi, kivuli kimeangukia wapi. Hiyo hatua mafundi wanaiita kurenda, na ndiyo inayoua mashine.

Tufanye hesabu pamoja. Sekunde moja ya sinema ina picha 24. Dakika 11 ni sekunde 660, kwa hiyo picha 15,840. Tuseme laptop yetu ya kikundi, ile yenye ufunguo wa herufi A uliong'oka, inarenda picha moja kwa dakika 10. Hiyo ni saa 2,640. Ni siku 110, usiku na mchana, bila umeme kukatika, bila mtu kuomba "niangalie tu barua yangu mara moja". Na hapo umepiga hesabu ya kurenda mara moja tu, kama hakuna ulichokosea. Ndiyo maana studio kubwa zina mamia ya mashine kwenye chumba kimoja chenye baridi.

Kitu kilichotushangaza ni chaguo la bati. Tulirudi nyuma kwenye historia tukaona kwamba halikuwa jambo jipya. Filamu ya kwanza kabisa ya kompyuta kushinda Oscar ilikuwa Tin Toy ya Pixar, iliyoongozwa na John Lasseter. Ilitengenezwa 1988, ikatuzwa Machi 1989, urefu wake dakika 5. Ni habari ya kidoli cha bati kinachomkimbia mtoto mchanga anayevunja kila kitu. Kile kidoli mpaka leo kinapendeza. Mtoto, sasa, anatisha! Ngozi yake inaonekana kama plastiki iliyoachwa juani. William Reeves na wenzake walihangaika sana kuutengeneza uso ule, wakaupa misuli zaidi ya 40, na bado watu wakasema ni mbaya. Mwezi Agosti 1988 walipoipeleka kwenye mkutano wa wataalamu wa picha za kompyuta mjini Atlanta, ilikuwa haijaisha. Waliionyesha hivyo hivyo, ikakatikia katikati.

Sababu ni rahisi. Kompyuta za wakati ule ziliweza kitu kigumu, laini, kinachong'aa: taa ya mezani, mpira, bati. Nyama, nywele, machozi, hapana. Ndiyo maana Pixar walianza na taa mwaka 1986 (ile inayorukaruka kwenye jina lao), na filamu yao ndefu ya kwanza mwaka 1995, Toy Story, ilikuwa ya vidoli. Mashine iliwachagulia hadithi.

Wachile wale, zaidi ya miaka 20 baadaye, walikuwa na mashine bora, lakini mfuko mdogo. Wakarudi kwenye bati, na wakalipa bati maana. Ndani ya sanduku kila kitu kina bawaba na gurudumu, miti inainuka kama kurasa za kitabu, dubu anatembea kwa kushtukashtuka. Kitu ambacho mtu mwingine angekiona kama upungufu wa pesa, wewe mtazamaji unakiona kama mkono wa mzee aliyekaa usiku akikata bati kwa makasi ili amtengeneze mkewe. Kwa maoni yetu hapo ndipo tuzo ilipopatikana.

Tukiwa bado kwa Pixar, kuna jambo tunataka kulisahihisha, maana linazunguka sana kwenye simu zetu. Steve Jobs aliinunua Pixar mwaka 1986 na kuibeba miaka mingi ikila hasara. Watu wanaandika eti alikuwa "mtoto wa mkimbizi wa Siria", kisha wanatuambia tujitie moyo. Baba yake mzazi alikuwa kweli Msiria, lakini alikwenda Marekani kama mwanafunzi, na Jobs alilelewa na wazazi wengine, wa California. Tusiongezewe jamaa wasio wetu. Wako wa kweli wa kutosha.

Mmoja wa kweli, na wa nyumbani, ni Mkongo Jean-Michel Kibushi. Yeye hakutumia kompyuta. Alisogeza vikaratasi na vinyago kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Mwaka 1991 alitoa filamu fupi ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, ngano ya Kitetela. Mwaka uliofuata akafanya Kinshasa, septembre noir, juu ya uporaji wa Septemba 1991 pale Kinshasa, akitumia michoro ya watoto walioyaona. Fikirini: watoto walichora uporaji ule, na michoro ile ikawa sinema. Wazazi wetu waliokuwa Zaire wakati ule wanakumbuka mambo hayo, hata walioyasikia tu kwenye redio.

Baada yake kompyuta ilifika. Nairobi, studio ya Homeboyz ilitengeneza Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya ngano za wanyama kwa rangi za wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam, na kuanzia 2010 watoto wa Uingereza waliviona kwenye televisheni ya BBC. Kampala, mwaka 2017, Raymond Malinga na studio ya Creatures walitoa A Kalabanda Ate My Homework, katuni fupi ya kompyuta juu ya msichana Tendo anayemwambia mwalimu kwamba kalabanda, lile zimwi la mabweni, limekula kazi yake ya nyumbani. Nani hapa hakusoma shule yenye zimwi? Julai 2023 Malinga huyo huyo, pamoja na Mkenya Ng'endo Mukii, walikuwa kati ya waongozaji wa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za Kiafrika zilizotolewa na Disney chini ya studio ya Triggerfish ya Cape Town. Jina la Kiswahili lilizunguka dunia nzima.

Na programu? Wengi tunadhani lazima ununue. Kuna Blender, ambayo ni bure. Ilianzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal. Kampuni yake ilipofilisika mwaka 2002, watu wa kawaida wa nchi mbalimbali walichanga euro 100,000 kwa wiki saba tu, wakaikomboa kwa wenye mali, na tangu Oktoba 2002 ni ya kila mtu. Mwanzoni mwa Machi 2025, wakati wengi wetu bado tulikuwa tunahesabu siku tangu tuvuke kutoka Bukavu, filamu ya Flow ya Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender hiyo hiyo, ilishinda Oscar ya katuni ndefu. Nayo haina neno hata moja. Ni paka na maji yanayopanda.

Basi programu ni bure, na mafunzo yako kwenye intaneti ukiwa na megabaiti. Kinachokosekana ni muda uliolipiwa, na hapo tunawageukia ninyi wa mashirika, kwa heshima zote.

Tunapewa mara nyingi warsha za siku tatu: siku ya kwanza kujuana, ya pili kamera, ya tatu "simulizi lako" na cheti. Kijana anatoka na video ya dakika mbili ambayo amesimulia jinsi alivyokimbia. Kuna shirika moja, jina tuliache, lilimrudisha dada mmoja wa kikundi chetu kusimulia habari ileile mara tatu, kwa kuwa mwanga haukukaa vizuri. Mara ya tatu hakulia tena, na waliona hiyo ni shida ya picha. Video ilienda zake. Hatujui iko wapi.

Linganisheni na Osorio. Alikuwa na habari ya babu yake, mwenye jina, mwenye gereza, mwenye tarehe. Hakumweka babu mbele ya kamera. Aliigeuza kuwa dubu, polisi wakawa watu wa sarakasi, Chile ikawa mji usio na jina. Siku ya Oscar alisimama akaikabidhi tuzo kwa babu yake na kwa wote walioteswa na uhamisho. Yaani ukweli aliutaja yeye, wakati aliouchagua yeye. Waliotaka dubu walipata dubu.

Kwa mkimbizi hilo lina faida ya usalama pia. Mwaka 2021 Mdenishi Jonas Poher Rasmussen alitoa Flee, filamu ndefu ya katuni juu ya rafiki yake aliyekimbia Afghanistan. Rafiki huyo anaitwa Amin kwenye filamu, na Amin si jina lake. Sauti ni yake, uso umechorwa. Ilifika kwenye Oscar kwa makundi matatu kwa mara moja, na jirani yake pengine bado hamjui. Sisi tuna wenzetu ambao ndugu zao wamebaki ng'ambo ya mto. Uso kwenye video si kitu kidogo kwao. Uso wa bati hauulizwi kitambulisho.

Kwa hiyo tukiulizwa tunataka nini, jibu letu ni hili: badala ya warsha sita za siku tatu kwa vijana sitini, tupeni mwaka mmoja kwa vijana watano, wakilipwa hata kidogo, na laptop moja yenye nguvu isiyofungwa kwenye kabati la ofisi saa kumi na moja. Tunajua ripoti yenu inahitaji namba sitini. Tunaelewa. Lakini wale wa Santiago hawakumaliza kwa siku tatu, na walikuwa na studio yao.

Kwa sasa tumeanza na kidogo. Tunatengeneza sekunde 30 kwa Blender: usiku Ziwani Kivu, pirogi tatu zilizofungwa pamoja, taa zikining'inia juu ya maji kuvuta sambaza, na mvuvi mmoja anayesikia wimbo kutoka pirogi za ng'ambo. Ni picha 720. Tukirenda picha moja na kuruka moja zinabaki 360, saa 60, na tayari tumefika picha ya 94. Taa zinapendeza. Maji yanasumbua. Mvuvi hatujakubaliana: wengine wanataka awe mtu, wengine wanataka awe korongo mwenye kofia, na wiki iliyopita tulipiga kura, ikawa wanne kwa wanne.

Yeyote wa Kamembe, Bugarama au Nyarushishi mwenye wazo la maji, aje Jumamosi saa nane. Aje na chaja yake.